Mtaro Uliomsubiri Mgeni Rasmi

Ipo nchi moja ambayo jina lake bado linajadiliwa na kamati, kwa hiyo tutaiita nchi tu, na wenyewe hawatakasirika maana hawatajua kuwa ndio wao. Katika nchi hiyo watu walikuwa wameshikwa na ugonjwa wa kuahirisha. Aliyetaka kuezeka nyumba alisema ngoja mvua ipite. Mvua ikipita alisema kiangazi chote hiki, haraka ya nini. Madaraja yalikuwa na nguzo bila njia, njia zilikuwa na mabango bila lami, na bungeni kulikuwa na hoja moja iliyokwisha kurithiwa na wabunge watatu, na huyo wa tatu alikuwa ameomba apewe muda wa kuisoma.

Basi Mkuu wa Nchi akasafiri ng'ambo. Alfajiri moja akafungua dirisha la hoteli akaona watu wanakimbia barabarani na hakuna anayewafukuza. Akauliza, ni nini hawa? Akaambiwa wanafanya mazoezi, kila siku saa hiyo hiyo, ndiyo mazoea yao. Alishikwa na aibu hata akaahirisha chai. Aliporudi aliunda Wizara ya Kuanza, akahutubia taifa kwa sauti ya kutetemeka: "Ndugu wananchi, uzembe sasa basi. Kuanzia leo tunaanza. Tarehe rasmi ya kuanza itatangazwa."

Wizara ikapata bendera, wimbo, magari, na maafisa hadi ngazi ya kata. Ikapata na salamu yake. Afisa akisema "Kuanza", wananchi wanajibu "Sasa hivi", na hawalazimiki kusimama. Mwisho ikapata sheria, na hapo ndipo balaa lilipoingilia mlangoni. Sheria ilisema kwamba jambo lolote lenye manufaa ni marufuku kuanzwa kabla ya kuzinduliwa na mgeni rasmi, ili mianzo ya taifa isipotee ovyo bila Serikali kuiona.

Sasa katika mtaa wa Ukingoni aliishi fundi viatu mmoja aitwaye Zebedayo, ambaye kwa kuahirisha hakuwa na mpinzani. Viatu alivyopokea kutoka kwa watoto alivirudisha wenye viatu wakiwa tayari na watoto wao. Hakuwa mtu mbaya, hata kidogo. Ukimdai kiatu alikutazama kwa huruma, kana kwamba wewe na yeye mmefiwa na kiatu kile kile.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na korongo. Wakati anaoa, korongo lilikuwa kijifereji cha kurukwa na kuku, na Zebedayo akamwahidi mama yake, Bi Nyangeta, kwamba atachimba mtaro upande wa juu ili maji ya mlimani yapinde yaelekee barabarani, yaiache nyumba. Kila masika aliahidi, na kila masika korongo lilisogea. Lilikula migomba. Lilikula banda la mbuzi. Mwaka jana lilikula choo, kikaondoka kimesimama wima kwa heshima zote, mlango umefungwa kwa ndani, mtaa mzima ukahesabiana mpaka ikajulikana hakuna aliyekuwemo. Sasa kati ya korongo na ukuta wa chumba cha nyuma mtu angeweza kulala chali, ila asijigeuze.

Na ndani ya chumba hicho ndimo alimolala Bi Nyangeta. Miguu yake ilikwisha kugoma zamani, lakini masikio yalikuwa kazini.

"Zebe."

"Naam, Mama."

"Nasikia mchanga unaondoka chini ya kitanda. Unaondoka taratibu, kama mgeni anayeona haya kuaga."

"Nitaanza, Mama."

"Sijakuuliza kama utaanza."

Mke wa Zebedayo, Mama Tunu, akapendekeza mkwewe ahamishiwe sebuleni. Bi Nyangeta akakataa. "Nikihamia huko, mume wako atasema hakuna haraka tena. Niacheni hapa. Nikiwa hapa hapati usingizi."

Kweli hakupata. Asubuhi yake, kwa mara ya kwanza tangu ajijue, Zebedayo alitoka nje kabla ya chai, akaenda upande wa juu wa nyumba, akatemea viganja, akapiga jembe chini. Ardhi ikakubali. Akapiga tena. Jirani yake Malima, kinyozi, akatoa kichwa juu ya ua akamtazama kwa muda mrefu.

"Unazika nini?"

"Nachimba mtaro."

Malima akafikicha macho. "Mke wangu," akaita ndani, "hebu njoo unifinye."

Jasho lilikuwa halijafika shingoni alipotokea Bwana Evaristi, Afisa Kuanza wa Kata, kijana wa mtaa ule ule, kipaza sauti kimening'inia kifuani kama mtoto anayenyonya.

"Kuanza," akasema.

"Sasa hivi," akajibu Zebedayo, bila kuacha kuchimba.

"Naona. Na nani kakuzindua?"

"Kunizindua kivipi?"

"Mgeni rasmi wako yuko wapi? Utepe uko wapi? Kwaya je?" Evaristi alitazama huku na huku kwa masikitiko. "Mzee wangu, ukianza kimyakimya hivi, Serikali itajuaje kwamba taifa limeanza? Huu ni wizi wa mwanzo."

"Mwanzo wenyewe si wangu?"

"Mianzo yote ni mali ya umma. Jembe chini."

Zebedayo akafikiri haraka, jambo ambalo hakulizoea, na hatari zake akaziona papo hapo. "Basi sijaanza," akasema. "Naendeleza tu. Mtaro huu niliuanza mwaka niliooa."

Uso wa Evaristi ukabadilika. Akavuta pumzi, akatoa kalamu. "Uliuanza mwaka uliooa. Ukauacha. Mpaka leo."

"Ndiyo."

"Unajua kwamba kuahirisha kwa kiasi hicho ni hujuma dhidi ya taifa?"

"Zebe," Malima akasema kutoka uani, "nyamaza bwana. Kila ukifungua mdomo kifungo kinarefuka."

Taarifa ilipofika wizarani, hawakukasirika hata kidogo. Walishangilia. Walikuwa wamemtafuta mtu wa namna hii nchi nzima, na kila waliyemwita aliahidi kuja. Wakaamua asifungwe. Wakampa cheo cha Mwahirishaji wa Mfano, na uzinduzi wa Kampeni ya Taifa ya Kutoahirisha ukapangwa kufanyika hapo hapo Ukingoni, kwenye mtaro wake. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Polikapo Matunge, angekuja kuwa mgeni rasmi na kupiga jembe la kwanza. Zebedayo angesoma risala, angesamehewa mbele ya hadhara, na papo hapo wananchi wote wangeshuka na majembe kumaliza mtaro kwa pamoja. Mpaka siku hiyo, mtu asiguse udongo.

"Siku hiyo ni lini?" akauliza Mama Tunu.

"Hivi karibuni," akasema Evaristi, na akasema kwa moyo mweupe, maana ndivyo alivyoambiwa.

Uzinduzi ukaahirishwa. Waziri alikwenda ng'ambo kwenye mkutano wa kuzingatia wakati, akachelewa kuondoka, na alipofika aliwakuta wanamsubiri ili waanze. Ukaahirishwa tena, kwa sababu jengo la wizara lilikuwa halijazinduliwa na watumishi walikuwa wamekaa nje na meza zao. Ukaahirishwa mara nyingine, maana mwanasheria mmoja aligundua kwamba Waziri aliapishwa kabla uapisho wenyewe haujazinduliwa, kwa hiyo uwaziri wake ulikuwa mwanzo haramu, ikabidi aanzwe upya. Kila mara Evaristi alipita mtaani na kipaza sauti: "Tangazo, tangazo. Uzinduzi wa kampeni ya kutoahirisha umeahirishwa. Wananchi mnaombwa msiahirishe kuhudhuria."

Na kila alipopita, mawingu yalikuwa yameongezeka mlimani.

Zebedayo akakonda. Alikuwa mtu aliyezoea kuahirisha mwenyewe, kwa mikono yake, na akafahamu uchungu wa kuahirishiwa. Akiwa kibandani na kiatu magotini, alisikia punje za udongo zikidondoka korongoni. Ndipo akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu isipokuwa mama yake.

Kila jioni alilaza jembe kizingitini mwa chumba chake, ili akiamka ajikwae. Akijikwaa, usingizi unatoka na matusi mawili matatu, na jembe tayari liko mguuni. Alfajiri, kabla Evaristi hajapata chai yake, Zebedayo alikwenda upande wa juu na mkongojo wa mama yake, akaulaza chini, akachimba urefu wa mkongojo ule. Akimaliza hapo, basi, hata kama mikono ilitaka kuendelea. Kisha akafunika na mabua ya mahindi, akaenda kunywa chai kama mtu asiye na habari. Siku alizoshindwa kuamka, Bi Nyangeta aligonga ukuta kwa sufuria.

Mwanzoni alichimba kwa hofu. Baadaye akachimba kwa sababu jembe lilikuwa kizingitini. Baadaye zaidi, akiiruka siku moja, mwili ulimwasha. Ugonjwa ule ukaingia hata kibandani: akaanza kumaliza viatu. Mama mmoja alikabidhiwa viatu vyake siku ile ile aliyoahidiwa, akaenda moja kwa moja zahanati kupimwa presha.

"Umebakiza nini?" Bi Nyangeta aliuliza kila asubuhi.

"Nimeshapita mwarobaini, Mama." Kisha: "Nimeshapita ua wa Malima." Kisha, sauti imeshuka kwa furaha: "Barabara naiona."

"Basi usife," akasema Bi Nyangeta.

Ulibaki udongo wa asubuhi chache tu mtaro ufike barabarani. Ndipo tarehe ikatangazwa kweli, na siku moja kabla ya uzinduzi wakaja watu wa itifaki.

Waliongozwa na mama mmoja mwenye miwani myeusi, aliyetembea kana kwamba ardhi imetandikwa kwa ajili yake, na kwa kweli kulikuwa na vijana nyuma yake wenye zulia. Akapita upande wa juu wa nyumba. Mguu wake ukakanyaga mabua, ukazama hadi gotini.

"Hiki ni nini?"

Evaristi akayaondoa mabua, akaona mtaro mrefu, mzuri, wenye kingo zilizonyooka, ukienda zake chini ya pua ya Serikali.

"Hiki ni nini, nimeuliza."

"Mtaro, Mheshimiwa," akasema Zebedayo.

"Na Mheshimiwa Waziri kesho atazindua nini?"

Zebedayo akapiga magoti. Akasema mama yake amelala pale ndani, mvua iko pale juu, na kilichobaki ni kidogo mno, na kama ni kosa basi akafungwe yeye, mtaro ubaki. Akasema Waziri anaweza kupiga jembe la mwisho, nalo ni jembe pia.

"Wizara hii ni ya Kuanza," akasema yule mama, bila ukali. "Kumaliza ni wizara nyingine, na haijaundwa." Akawageukia vijana. "Fukieni."

"Mama yangu, nakuomba. Mnaharibu."

"Hatuharibu, mzee. Tunakurudishia mwanzo wako."

Wakafukia. Walifukia kwa bidii ambayo haijapata kuonekana katika nchi ile, kwa sababu kufukia hakukuhitaji kuzinduliwa. Wakashindilia, wakapanda nyasi za kuazima, wakatandaza zulia jekundu juu yake. Mbele ya zulia wakasimamisha jukwaa na turubai, na jukwaani wakaweka kiti. Kilikuwa kiti cha mninga, mgongo wake mrefu kama wa kiti cha kasisi, mikono yake imechongwa simba, na mto wa mahameli juu. Askari wawili wakawekwa kukilinda, kwa amri kwamba mtu yeyote asikikalie.

"Zebe," Bi Nyangeta akaita kutoka ndani. "Kishindo hicho ni cha nini?"

"Wanafukia, Mama."

"Na mvua iko wapi?"

"Iko mlimani."

Siku ya uzinduzi mtaa wote ulikuja, na mitaa mingine ikaja. Kila mtu alipewa jembe jipya lililofungwa utepe mpinini, na kiti cha plastiki. Wakakaa na majembe yao magotini. Yule mama wa itifaki akaenda barabara kuu kumpokea Waziri, akamwachia Evaristi kipaza sauti na shughuli. Kwaya ikaimba wimbo wa kuanza, ikaurudia, ikaurudia tena mpaka sauti ya kwanza ikakauka. Jua likapanda, likapinda. "Mheshimiwa yuko njiani," alisema Evaristi kila baada ya muda. "Kuanza."

"Sasa hivi," watu wakajibu kutoka vitini.

Alasiri mvua ikaja. Yenyewe haikusema iko njiani, ilikuja kweli. Ilishuka mlimani kama mzigo ulioachiwa na mbebaji. Watu wakasogea chini ya turubai, na maji yakaanza kupita kando ya jukwaa, mekundu, kwanza kama kamba, kisha kama mkono wa mtu, yakielekea moja kwa moja nyumbani kwa Zebedayo.

Zebedayo akavuta zulia, akapiga jembe. Wale askari wawili wakamnyang'anya. Akaugeukia umati uliokaa na majembe magotini.

"Jamani. Tuko wengi hapa. Tukipiga wote, hata chai haitapoa. Jamani, mama yangu yuko ndani."

Watu wakatazama chini. Wengine walilia, na machozi yao hayakuwa ya uongo. Kila aliyekuwa mbele aligeuka kukitazama kile kiti kitupu, kana kwamba kingesema neno.

"Zebe, ndugu yangu," akasema Malima. "Nakuonea uchungu. Lakini hatujazinduliwa. Yule aliyejianzia kisima kule bondeni, mpaka leo mkewe anapeleka chakula gerezani."

"Malima. Amekunyoa nywele za kwanza huyu mama."

"Najua. Usiniambie ninachokijua."

Zebedayo akakimbilia ndani. Maji yalikuwa yamepita chini ya ukuta, na pembe moja ya chumba ilikuwa imefunguka, na kupitia hapo uliona korongo linavyochemka. Bi Nyangeta alikuwa ameketi kitandani, ameshika sufuria lake.

"Umekuja kunipa ahadi?"

"Nimekuja kukutoa."

Lakini kumtoa vipi? Mgongoni hawezi, nyonga zake hazishikiki. Kiti cha plastiki kilivunjika miguu yeye na Mama Tunu walipojaribu kumkalisha. Zebedayo akatoka mbio kwenye mvua, akapanda jukwaani, akakishika kiti cha mninga.

Askari mmoja akainua rungu. Mwenzake akamzuia. "Tumeambiwa mtu asikikalie," akasema. "Yeye anakibeba."

"Na kubeba?"

"Kubeba hatukuambiwa."

Malima akaruka kutoka kitini kwake. "Kubeba kiti hakuna sheria," akasema kwa sauti, ili asikiwe na yeyote ambaye angetaka kumshtaki, akashika upande wa pili. Wakaingia nacho ndani, wakamkalisha Bi Nyangeta juu ya mahameli, wakamfunika kitenge, Mama Tunu akamshikia mwavuli. Wakatoka. Mahali pakavu palikuwa pamoja tu, napo ni jukwaani.

Sasa fikiria wale watu chini ya turubai, njaa imewalegeza, macho yamejaa maji ya mvua. Wakaona kiti cha mgeni rasmi kinakuja kimebebwa, na ndani yake kuna mtu, na juu ya mtu kuna mwavuli. Mpiga tarumbeta hakusubiri aambiwe. Alipuliza. Ngoma zikafuata, wakinamama wakapiga vigelegele, umati mzima ukasimama, na Evaristi, kwa mazoea ya mdomo, akatangaza: "Mgeni rasmi amewasili."

Kisha akamwona ni nani.

Akainama haraka. "Bibi, shuka," akanong'ona.

"Nishuke na miguu ya nani?"

"Hiki ni kiti cha mgeni rasmi."

"Basi ndiye mimi. Evaristi, mimi nilikuogesha ulipozaliwa, ukanikojolea. Unataka niwaambie hawa?"

Evaristi alisimama. Alitazama barabara, haikuwa na mtu. Alitazama matarumbeta, na katika nchi ile matarumbeta yakishalia hayarudishwi. Akaweka kipaza sauti mdomoni.

"Itifaki imezingatiwa," akasema. "Sasa inasomwa risala."

"Evaristi," Zebedayo akasema, "nyumba inakwenda."

"Bila risala hajafungua. Asipofungua hawachimbi. Soma upesi."

Risala ilikuwa mfukoni, imekwisha kuwa uji. Zebedayo akasimama mbele ya mama yake, maji yanamtiririka puani, akasema aliyoyakumbuka. "Mheshimiwa mgeni rasmi. Sisi wananchi wa Ukingoni tunayo furaha... furaha isiyo kifani kukukaribisha. Mtaa wetu unakabiliwa na changamoto ya korongo. Tumekuwa na nia ya kuchimba mtaro kwa muda mrefu. Tunakuhakikishia, Mheshimiwa, tuko tayari." Akapangusa maji usoni. "Tunaomba... tunaomba utufungulie."

Bi Nyangeta alimtazama. Watu wote wakamtazama Bi Nyangeta.

"Nimesikia," akasema. "Chimbeni."

Hawakupata kuchimba hivyo maishani mwao. Majembe yalishuka kama mvua ya pili. Zulia likaruka, nyasi za kuazima zikaruka, mtaro uliofukiwa ukafunguka kirahisi kwa sababu udongo wake ulikuwa bado unakumbuka. Zebedayo alichimba mbele kabisa, kule ambako mkongojo ulikuwa haujafika, analia na hajui.

Katikati ya shughuli hiyo akatokea mtu mwenye suti, matope hadi mapajani, yule mama wa itifaki akimfuata bila miwani. Msafara ulikuwa umekwama barabara kuu. Mheshimiwa Daktari Polikapo Matunge akapanda hadi ukingo wa jukwaa, akatafuta kiti chake kwa macho, akamkuta bibi kizee.

"Evaristi," akasema Bi Nyangeta, "na huyo aliyesimama hana jembe?"

Wageni rasmi wawili hawawezi kuwepo pahali pamoja. Hilo hata mtoto wa nchi ile anajua. Evaristi akamkabidhi Waziri jembe lenye utepe. Waziri alitazama umati, akatazama kamera iliyokuwa tayari inamlenga, akainama, akachimba.

Ndipo chumba cha nyuma kikaondoka. Hakikupiga kelele nyingi. Ukuta uliinama kama mtu anayechungulia, kitanda kikafuata, na sufuria likasikika likigonga mara moja huko chini. Sebule ikabaki imesimama, wazi upande mmoja, pazia linapepea.

Watu wakaacha kuchimba. Mama Tunu alikaa chini kwenye matope. Zebedayo aligeuka, akaona palipokuwa na chumba, jembe likamponyoka mkononi.

Waziri ndiye aliyepata sauti kwanza. Akajifuta matope, akasema kwa huzuni nzuri ya kazi, "Ndugu wananchi, kutokana na hali iliyojitokeza, shughuli hii inaahirishwa. Naomba mtawanyike kwa utulivu." Na Mungu atusamehe, watu wakaanza kuyaweka majembe chini. Walikuwa wamechoka, na neno lile walilizoea kuliko majina yao.

"Sijafunga."

Wakageuka. Bi Nyangeta alikuwa amekaa wima, mikono juu ya vichwa vya simba.

"Nani kafungua shughuli hii?" akauliza.

Evaristi akashusha kipaza sauti. "Wewe, Mheshimiwa."

"Na aliyefungua ndiye anayefunga?"

Evaristi akamtazama Waziri. Akamtazama yule mama wa itifaki, na yule mama, ambaye maisha yake yote yalijengwa juu ya jambo hilo, akainamisha kichwa. "Ndiye," akasema.

"Sijafunga," Bi Nyangeta akarudia. "Sebule bado imesimama. Zebe, okota jembe."

Akaokota. Giza lilipoingia maji yalipinda, yakaguna kidogo, yakaelekea barabarani.

Bi Nyangeta alifariki kabla masika haijaisha, sebuleni, kwenye kiti kile kile, maana hakuna aliyethubutu kukidai. Evaristi alikuwa akimjia kila asubuhi kuuliza kama leo atafunga, naye alisema hajaona sababu. Akafa bila kufunga.

Wizara ikakaa vikao juu ya jambo hilo. Ikaona kwamba shughuli iliyofunguliwa na marehemu haina wa kuifunga, na kwamba kutawanyika kabla ya kufungwa ni kosa. Kwa hiyo Ukingoni wanachimba hadi leo. Kila alfajiri, kabla ya chai, mtaa mzima unatoka na majembe yenye tepe zilizochakaa, unachimba urefu wa mkongojo mmoja, kisha unakwenda kazini. Mtaro umeshapita barabara, umeshapita kata tatu, umegeuza mito miwili, na wanasema sasa unaelekea mji mkuu, ambako jengo la Wizara ya Kuanza liko bondeni kidogo.

Anayeongoza mbele ni Zebedayo. Kiti hukipakia kwenye mkokoteni, akakiweka pale wanapochimba, kikiwatazama. Evaristi husimama kando yake na kipaza sauti, anasubiri kwa adabu, kisha anauliza kama kuna neno la kufunga. Zebedayo anatazama mahameli yaliyobonyea katikati. Anatazama muda mrefu, mpaka macho yanamwasha. Halafu anatemea viganja.

"Hajasema," anasema, na anapiga jembe.